Ndiva Ndani ya Chembe Nyeupe

Wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu amekwambia kwamba vidonge unavyomeza vya kukutoa kwenye huzuni vinaua kinga ya mwili wako, vuta kiti ukae karibu nami. Sitakwambia kwamba amekudanganya. Aliyeniambia mimi hakuwa mwongo. Alikuwa na kipande kidogo cha ukweli, akakifanya ndio ukweli wote, akataka niishi kwa hicho. Nilikataa. Nitakueleza nilivyokataa, na nitakueleza kile kipande chenyewe, maana ni kizuri kukijua na hakina sababu ya kukutisha.

Nilikuwa mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari ya kutwa, juu kidogo ya mji wa Lushoto, miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila kitu kikaanza kupanda mlima. Malori kutoka Dar es Salaam yalifika hadi kando ya mashamba kuchukua kabichi na pilipili hoho. Mitumba ilikuja, redio ndogo zikaja, na maduka ya dawa ya watu binafsi yakafunguliwa mahali ambapo zamani palikuwa na zahanati moja tu yenye rafu tupu. Mume wangu alilima mboga bondeni. Tuliishi na mama yake, nyumba moja, jiko moja.

Nilijifungua mtoto ambaye hakukaa duniani. Watu walikuja, wakasema yanayosemwa, wakaondoka kwenda kumwagilia mboga zao. Mimi nikabaki palepale. Kwanza harufu ya chakula ilipotea. Kisha nikawa nasimama mbele ya darasa na chaki mkononi, nimeandika neno moja ubaoni, la pili haliji. Wanafunzi walinyamaza kwa heshima, na heshima yao ndiyo iliyonitisha, kwa sababu walinyamaza kama watu walio msibani. Nyumbani nilitazama maharage yakiungua, najua yanaungua, na mkono haunyanyuki kuyaepua. Kama umewahi kufika hapo, unanielewa. Kama hujawahi, niamini tu kwamba si uvivu, wala si upungufu wa imani. Swala zangu nilikuwa naziswali zote, machozi yakidondokea mkekani.

Mume wangu alinipeleka hospitali. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, asiye na haraka. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniandikia amitriptilini. "Kinywa kitakauka," alisema. "Utasinzia. Na usitegemee nafuu mapema, hiki kidonge kinatembea polepole. Usikiache kwa kuchoka kungoja. Siku utakayotaka kukiacha, njoo tukipunguze pamoja."

Mambo yakawa kama alivyosema. Kinywa kilikauka, ulimi ukawa kama kipande cha turubai. Nilisinzia kwenye kiti cha walimu. Halafu asubuhi moja mama mkwe akaweka vitunguu kwenye mafuta, nami nikavisikia. Harufu ya vitunguu! Nikakaa chini jikoni nikalia, na yeye, maskini, akadhani nimezidiwa, akaita watu.

Nilikuwa nimeshaanza tena kufundisha, tena tuko kwenye sura ya damu, mjomba wa mume wangu alipopanda kutoka Muheza. Alikuwa mdogo wake mama mkwe, mtu wa vichekesho, mwenye duka la dawa karibu na soko la matunda. Alikuja na kikapu cha machungwa na fungu la iliki, amevaa koti la mitumba lenye mabega mapana kuliko yake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwalimu. Umenenepa! Wanakulisha nini huku juu, ukungu?"

Tulicheka. Alizunguka ndani kama kawaida yake, anagusa hiki, anauliza kile, hadi akaliona kopo langu la vidonge juu ya kabati. Akalisoma, na kicheko kikamtoka usoni.

"Hivi ndivyo vidonge unavyomeza?"

"Ndivyo."

"Dada," akamwambia mama mkwe, wala si mimi, "mimi nimetoka semina ya wenye maduka. Dawa za jamii hii zinavuruga kalsiamu ndani ya askari wa damu. Askari anaitwa, haamki. Wataalamu wameona kwa vyombo vyao."

"Askari gani?" mama mkwe akauliza.

"Askari wa mwili. Wale ambao wakiisha, mtu naye anakwisha."

Miaka ile sote tulijua maana ya mtu kwisha. Tulizika vijana waliokuwa wamebaki mifupa, na ugonjwa wenyewe tukauita kwa majina ya kuzunguka. Mama mkwe alikuwa amemzika kitinda mimba wake hivyohivyo, binti mrefu ambaye picha yake ilining'inia juu ya mlango wa chumba changu.

Mjomba akafungua mfuko, akatoa chupa ya toniki ya kalsiamu, mpya, ina picha ya mtu mwenye misuli. "Hii itawarudisha," akasema. Hakuwa na nia mbaya. Aliamini chupa yake kama mimi nilivyoamini kopo langu.

Asubuhi iliyofuata kopo halikuwepo.

"Mama, dawa zangu ziko wapi?"

"Zimepumzika."

"Zimepumzika wapi?"

"Mahali pake. Na wewe pumzika nazo."

Mama mkwe hakuiamini chupa yenye picha ya mwanamume. Lakini neno kalsiamu lilimkaa kichwani. Alikuwa amemsikia mdogo wake akisema ni kitu cha jamii ya chokaa, kitu cha kujenga mifupa, na yeye alijua mahali ambapo kitu hicho kinapatikana tangu enzi za bibi yake. Akashuka sokoni, akarudi na udongo, vile vipande vilivyokaushwa ambavyo wajawazito hununua na kutafuna. "Huu ndio umejenga mifupa ya watoto wa mlima wote huu," akaniambia. "Tafuna, mwanangu. Tafuna mbele yangu nikuone."

Unajua mtu anavyoweza kukosa nguvu ya kubishana na anayempenda? Nilitafuna. Nilikaa kizingitini, kwenye jua la asubuhi, natafuna udongo, na kwa kuwa vidonge vilikatika ghafla, usingizi ukakatika navyo. Nililowa jasho kwenye baridi ya Lushoto. Tumbo likachafuka. Harufu ya vitunguu ikaanza tena kwenda mbali. Hapo ndipo niliogopa kwelikweli, kwa sababu njia ile nilikuwa naifahamu, na nilijua inakofika.

Asubuhi moja jirani yetu akapita na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Akaniona: mwanamke, udongo mkononi, uso umepauka, nimetoka kutapika nyuma ya nyumba. Utamlaumu?

"Onga makeo, mwalimu!" akanipa salamu ya asubuhi kwa Kishambaa. Kisha akasimama, akatua mzigo. "Ehee! Ehee! Alhamdulillahi! Mungu ameyafuta machozi!"

"Sina mimba, dada."

"Mwanzoni sote tunasema hivyo."

"Nakwambia sina."

"Haya, huna, huna," akacheka, akanikonyeza, akajitwisha mzigo wake. Kabla ya adhuhuri wanawake walikuwa wamekuja na mkungu wa ndizi za kupika, mayai, na kipande cha kitenge. Mmoja alipiga kigelegele kabla hajafika uani. Nami nilikuwa nimekaa hapo na tumbo tupu, namsikiliza mtu akimshangilia mtoto asiyekuwepo, mlangoni pa nyumba aliyotoka mtoto aliyekuwepo.

Nikautema ule udongo. Niliutema mbele ya wageni, mbele ya mama mkwe, na nikahisi kitu ambacho sikuwa nimekihisi tangu maziko. Ilikuwa hasira. Si ile huzuni yenye matope. Hasira safi, yenye miguu, inayotaka kwenda mahali. Niliwashukuru kwa ndizi. Niliwaambia kwa sauti ambayo ilinishangaza mwenyewe kwamba hakuna mimba, kuna ugonjwa wa huzuni, na dawa yake imefichwa. Kisha nikaingia ndani kutafuta jembe, maana kesho yake ilikuwa siku ya ngemo.

Ngemo ni kazi ya pamoja, na siku hiyo ilikuwa zamu ya kuzoa tope kwenye ndiva. Kama hujafika milima yetu, ndiva ni bwawa dogo lililochimbwa juu ya mashamba. Maji ya kijito yanalijaza usiku. Asubuhi mwenye zamu anaita, kizibo kinatolewa, na maji yanashuka mferejini kwa kishindo hadi kwenye matuta ya mboga. Bila ndiva, kijito peke yake ni chembamba mno. Maji yake yangenywewa na mfereji kabla hayajafika.

Mume wangu aliponiona nateremka na jembe alikuja mbio. "Umeambiwa upumzike."

"Nimeshapumzika mwaka mzima," nikamwambia. "Sogea."

Akasogea. Nadhani alitabasamu.

Mjomba, ambaye alikuwa bado hajarudi Muheza, alikuwa amekaa ukingoni, amekunja suruali, anatoa maelekezo ambayo hakuna aliyeyaomba. "Jamani, leo mwalimu amekuja kufundisha tope!"

"Nimekuja, mjomba. Ila nina swali kwanza. Huko semina, walisema dawa iliwekwa wapi?"

"Kwenye chembe nyeupe za damu, wale askari."

"Zikiwa wapi hizo chembe? Ndani ya mtu?"

"Ndani ya... kioo. Chombo cha maabara."

"Kwa kipimo gani?"

"Mwalimu, mimi nilikwenda kusikiliza, sikwenda kufanya mtihani."

"Jibu, mjomba," mwanamke mmoja akapaza sauti toka ndani ya tope, "au ukasimame nje ya darasa!" Wote wakacheka, naye akacheka, akainua mikono.

Basi nikawaeleza niliyokuwa nimeyasoma, nikiwa nimesimama na tope hadi kwenye magoti, na sasa nakueleza wewe vilevile.

Chembe nyeupe ya damu ina ndiva yake. Ndani ya chembe kuna vyumba vilivyofungwa, na vyumba hivyo vimejaa kalsiamu. Sehemu iliyobaki ya chembe ina kalsiamu kidogo sana, kama mfereji mkavu. Nje ya chembe, kwenye damu, kalsiamu ni tele, kuzidi ndani mara maelfu, kama mto ulio kando ya shamba. Adui akija, kidudu cha ugonjwa kwa mfano, kinagusa ngozi ya chembe. Huo ndio wito wa mwenye zamu. Wito unapita hadi kwenye ndiva, kizibo kinatoka, kalsiamu inamwagika ndani ya chembe kama wimbi. Na ndiva ikishapungua, kupungua kwenyewe kunafungua milango ya nje, ile ya kwenye ngozi ya chembe, kalsiamu ya mtoni nayo ikaingia ili wimbi lisikatike. Wimbi likidumu, kazi inaanza: chembe inajigawa, inatuma habari kwa wenzake, inapigana. Kalsiamu, kwa hiyo, hapo si chakula cha askari. Ni tarumbeta yake.

"Na vidonge?" mjomba akadakia. "Sema vidonge vinafanya nini."

"Huko kwenye kioo, baadhi ya dawa za huzuni zinaivujisha ile ndiva polepole, au zinabana ile milango. Wito ukija, wimbi linakuwa dogo. Hapo umesema kweli, mjomba."

"Mmesikia!"

Ikawa kama imepangwa, lakini ndivyo ilivyotokea: kijana wa jirani aliyekuwa anakwangua ukuta wa chini akaita kwamba jembe limezama. Tukaenda kuangalia. Lilikuwa tundu la fuko, limepita ukuta mzima hadi upande wa pili, na kuta zake zilikuwa laini kwa kupitiwa na maji.

Mjomba akapiga makofi. "Haya! Tundu la vidonge hilo hapo! Mungu mwenyewe amelileta darasani!"

"Sawa kabisa," nikasema. "Hili tundu ni la leo?"

"La zamani," mume wangu akajibu. "Angalia lilivyolainika. Lina msimu au zaidi."

"Na msimu huu nani alikosa maji ya kabichi zake kwa sababu ya fuko?"

Hakuna aliyekosa.

"Ndivyo hivyo," nikasema. "Lazima uulize tundu ni kubwa kiasi gani. Huko maabara wanatumia kipimo kikubwa makusudi, wanabomoa ukuta kabisa ili waone maji yanapita wapi. Si kosa, ndivyo mtu anavyojifunza. Lakini mimi nameza kidogo, na dawa inagawanyika mwili mzima. Labda nina tundu la fuko. Labda sina hata hilo. Sijui, na mjomba hajui. Ninachokijua ni kwamba toniki haizibi tundu. Mto umejaa tayari. Ukimwaga ndoo ya maji mtoni, ndiva inapata nini? Na udongo ndio kabisa."

Wanawake walicheka kuhusu udongo. Jirani yule wa majani alijifunika uso kwa khanga. Nilidhani nimeshinda.

Mama mkwe alikuwa hajacheka. Aliegemea mpini wa jembe lake, akasema kwa sauti ndogo, kwa Kishambaa kwanza, kisha kwa Kiswahili ili wote wasikie: "Binti yangu naye aliniambia hajambo."

Hapo ndipo nilielewa kwamba nilikuwa nabishana na mtu asiyehusika. Mjomba alikuwa na semina yake. Mama mkwe alikuwa na kaburi, na alilificha lile kopo ili makaburi yasiwe mawili.

Nilimwendea. "Mama, yeye aliumwa ugonjwa wa kinga. Mimi naumwa huzuni. Ni mambo mawili. Lakini sitaki uniamini mimi, kwa sababu mgonjwa anaweza kujidanganya. Twende wote kwa daktari. Umwulize wewe, kwa kinywa chako, nami nitanyamaza. Ila kopo linarudi leo."

"Na vikikudhuru?" mjomba akauliza, safari hii bila mzaha.

"Vikinidhuru, mtaniona nikiwa nimesimama, na nitawaambia. Bila vidonge hivyo nitadhurika nikiwa nimelala, nimegeukia ukuta, na hakuna atakayejua. Mimi nimechagua kusimama. Asiyetaka, anipishe nizoe tope."

Nikazoa tope. Niliendelea hadi jioni.

Usinione shujaa. Jioni ile nilimwogopa mama mkwe kama zamani. Alikuja jikoni, akaingiza mkono ndani ya mtungi wa unga, akatoa kopo, akalipangusa kwa upindo wa khanga. "Vimepumzika vya kutosha," akasema. Sikuvimeza usiku huo, kwa kuwa sikujua ni sawa kuanza tena kwa kipimo kilekile baada ya kukatisha. Asubuhi tulishuka hospitali, yeye mbele, mimi nyuma.

Alimsalimu daktari, akakaa, akauliza bila kuzunguka: "Vinaua askari?"

Daktari hakucheka. "Kwenye kioo, kwa wingi, vinaweza kuwafanya wazito kuamka," alisema. "Kwa wagonjwa wangu wanaomeza kipimo hiki, sijaona mtu akiangushwa na jambo hilo. Sitakuapia kwa nisichokijua, mama. Lakini mwenye huzuni ya namna hii asipotibiwa hali chakula, halali usingizi, na kinga yake inayumba kwa hilo tu. Kwa hiyo tutamwangalia. Akipata homa, au kidonda kisichopona, mlete siku hiyohiyo."

"Na udongo?"

"Udongo autupe. Unaleta minyoo na unapunguza damu."

Mama mkwe akanitazama kwa pembe ya jicho. "Basi ulitafuna bure," akasema, na tukacheka wote watatu.

Daktari alinianzisha upya kwa kipimo kidogo, akakipandisha taratibu. Nilivimeza hadi nilipokuwa tayari, kisha tukavipunguza pamoja, hatua kwa hatua, kama alivyoahidi. Mama mkwe alihudhuria kila safari, na kila safari aliuliza swali jipya. Mjomba hakukubali. Aliendelea kuuza toniki yake na kuniita mwalimu wa tope hadi uzee wake, nami sikungoja akubali ndipo nipone.

Tangu hapo nimeendelea kusoma habari za zile chembe kila ninapopata nafasi. Bado mengi hayajulikani. Kuna wanaofikiri kwamba kwa baadhi ya watu wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kama wangu, kinga imeamka kupita kiasi, inapigana bila adui, na kwamba kulituliza lile wimbi kidogo huenda ni sehemu ya nafuu yenyewe. Huenda. Wataalamu hawajamaliza kubishana, na hakuna ubaya. Ubaya ni mtu kuchukua mabishano ambayo hayajaisha, akayafanya hukumu juu ya mwanamke aliyekaa kizingitini.

Nawe usikubali kuhukumiwa hivyo. Una haki ya kujua kinachotokea ndani ya damu yako, hadi kwenye kalsiamu, na una haki ya kubaki na dawa yako huku ukiuliza. Kama mtu wako anataka uiache, usiikatishe ghafla kwa ajili yake. Meza dozi yako ya leo kama ulivyoandikiwa, kisha nenda kwa aliyekuandikia, na mchukue huyo mtu wako mwende pamoja, aulize yeye mwenyewe.